Punje za Ini Tulizokuza Voi

Tulimzika Daktari Wakesho huko Ronge Jumamosi moja yenye ukungu. Katikati ya wasifu wake, mpwa wake aliyekuwa akiusoma, kijana mwenye sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti, akasema kwamba marehemu ndiye mtu wa kwanza kukuza ini la binadamu mjini Voi. Waombolezaji wakapiga makofi ya taratibu, kama yanavyopigwa matangani. Salim, aliyekuwa ameketi kando yangu chini ya hema, akanikanyaga mguu. "Ini?" akaninong'oneza. "Ini zima, Kilonzo? Na figo je, hatukukuza?" Sikucheka. Kazi yangu kwa miaka mingi sasa ni kuandika habari, na sentensi isiyo kweli hunikera hata inaposemwa kwa mapenzi, hata kando ya jeneza. Hatukukuza ini. Tulijaribu kukuza punje za seli za ini, kila punje ndogo kuliko mbegu ya wimbi, na karibu mwaka mzima zilikuwa zikitufia. Zile chache zilizokataa kufa ziliangamizwa na jambo ambalo wasifu haukulitaja wala usingeweza kulitaja, kwa sababu aliyelifanya alikuwa mstari wa mbele, amejifunika leso mbili, akilitazama jeneza la bintiye.

Nilikotoka na jinsi nilivyofika Voi si habari ya sura hii. Inatosha kusema nilikuwa na digrii ya baiolojia na sina kazi, na Daktari Wakesho alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na masanduku mawili na wazo moja. Chuo kimoja mjini kilimpa chumba nyuma ya kantini, kilichokuwa stoo ya viti vilivyovunjika. Nakikumbuka chumba hicho kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopigwa rangi mpaka ikang'aa. Kulikuwa na dirisha moja lililotazama mlima wa Sagalla, na hatukulifungua kamwe, maana vumbi la Voi huingia hata pasipo na pa kuingilia. Juu ya meza ndefu ilikaa printa ya Salim, ile inayochapa vitu badala ya maneno, na kando yake hadubini iliyofunikwa kitambaa. Pembeni lilisimama kabati la chuma lenye kimo cha friji ndogo. Ndani yake mlikuwa na joto la mwili wa mtu, na gesi iliingia kidogo kidogo kutoka kwenye silinda. Hilo ndilo tuliloliita inkubeta. Mama Mwikali wa kantini alijua inkubeta ya aina moja tu, ya mayai, na kila asubuhi nilipokwenda kuchukua chai aliniuliza mbele ya wateja, "Kilonzo, vifaranga wametoka?" Nikisema bado, alitikisa kichwa. "Hayo mayai yenu hayana jogoo."

Wazo la Daktari lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu hushika ukungu, na ukungu ule huwa na sumu inayokula ini la mlaji polepole. Alitaka kuijaribu sumu hiyo kwenye seli za ini la mtu, si kwa panya, na alitaka kuifanya kazi hiyo pale pale ambapo mahindi yenyewe huliwa. Lakini seli za ini zikilazwa kwenye sahani bapa hutandaa kama uji uliomwagika na kusahau kwamba ni ini. Zikikusanyika zikawa tufe, hukumbuka. Hapo ndipo Salim alipohitajika. Alikuwa mtoto wa Voi, wa familia ya Waislamu waliotoka pwani zamani, fundi wa kompyuta aliyejifundisha printa ile mwenyewe. Alichapa kalibu, kama ya kufyatulia matofali, ila ilikuwa ndogo kuliko kiganja na imejaa vinundu ambavyo jicho huviona kwa shida. Juu ya kalibu tulimimina jeli moto inayotokana na mwani. Ikiganda tuliibandua, na penye kinundu pakabaki kishimo. Ndani ya vishimo tulidondosha seli. Seli haziwezi kushika jeli, kwa hiyo hazina budi kushikana zenyewe kwa zenyewe. Zikiachwa zitulie, zinakuwa punje. "Ni kama kupika kaimati," Salim alipenda kusema, "ila hutakiwi kuzigeuza." Alilisema kama mzaha, na sisi sote tulilichukua kama mzaha, na nikilikumbuka leo nataka kugonga kichwa ukutani.

Wafadhili walikuwa wametupa mwaka mmoja. Mwisho wake wangekuja kuona trei ya punje zilizo hai, na mbele yao tungeanza kuzilisha sumu. Zikiwepo, maabara ingebaki Voi na mimi ningefanyia hapo shahada yangu ya pili. Zisipokuwepo, kabati na printa vingepandishwa lori kurudi Nairobi. Hakukuwa na njia ya tatu, na Daktari alitukumbusha hilo mara nyingi hata likawa kama sala ya kabla ya chai.

Basi zilikufa. Mwanzoni zilikufa kwa sababu plastiki ya kalibu ilikuwa bado inatoa kemikali, na Salim akajifunza kuziosha kwa spiriti na kuzianika juani mpaka zikakauka kabisa. Kisha zilikufa kwa umeme kukatika. Tukaomba betri, tukapata. Kisha ndovu wa upande wa Ndara walivunja bomba, mji ukakaa bila maji, na hatukuwa na cha kuoshea hata mikono. Tukanunua tangi. Kila kifo kilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na dawa, na baada ya dawa zilikufa tena. Sasa zilikufa kwa namna iliyonitia wazimu. Jioni niliziona kwenye hadubini zimeanza kusogeleana, zimejaa vizuri kwenye vishimo. Kesho yake zilikuwa zimetawanyika kama chenga za wali, au ile supu ya rangi ya waridi tuliyokuwa tukizilisha ilikuwa imegeuka njano, maana yake bakteria wameingia. Nilibadilisha supu. Nilibadilisha glavu. Niliacha kupaka mafuta nywele. Daktari alikuwa akikaa kwenye stuli yake, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akiitazama trei iliyokufa, halafu akisema kwa sauti ya chini, "Haya. Tuanze upya." Nilianza kuyachukia maneno hayo.

Jambo ambalo hatukuliona lilikuwa mbele yetu mchana kutwa, nalo lilikuwa wageni. Habari ya kwamba binti wa Ronge anakuza nyama ya mtu kwenye kabati ilikuwa imepanda milima na kushuka. Watu walikuja. Walikuja walimu na wanafunzi wao, akina mama wa kikundi cha kanisa wakiwa na sare, naibu wa chifu, wafanyabiashara wa ndizi kutoka Taveta waliokuwa wanasubiri lori. Na Daktari Wakesho alikuwa amelelewa hivi: mgeni aliyekuja kuona haondoki bila kuona. Kumwonyesha mtu mlango wa chuma na kumwambia kilichomo kimo humo, kwake ilikuwa sawa na kumkaribisha mtu kwako na kumwacha amesimama uani. Kwa hiyo alilifungua kabati. Alitoa trei, akaiweka kwenye mwanga, akaisogeza huku na huku ili kila mmoja aone, akaeleza kwa Kidawida, lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili. Wageni waliinama, wakapumua juu yake, wakauliza maswali mazuri. Mchungaji mmoja aliomba mkono wake ukiwa juu ya mlango uliofunguliwa, kwa sababu, alisema, hakutaka kuombea chuma bali kilichomo, na aliombea pia serikali, shule na mvua. Mimi nilisimama nyuma nimefumba macho kama wengine wote, nikisikia joto la kabati likinipita usoni.

Kilichotufumbua macho ni kuvunjika kwa mkono wa mlango. Ulikatikia mkononi mwa mwalimu mkuu mmoja kutoka Mwatate, akabaki ameushika kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua aiweke wapi. Kabati halikufunguka tena. Fundi alikuwa Mombasa, na kila tulipompigia alisema yuko njiani. Wageni walikuja, wakaona chuma, wakaondoka wakinung'unika. Tuliihesabu trei iliyokuwa ndani kuwa imekufa. Fundi alipofika na kuufungua mlango, niliitoa trei ili niitupe, na kwa mazoea tu nikaipitisha chini ya hadubini. Kwenye kila kishimo mlikuwa na punje moja, duara, nyeusi kidogo katikati, ukingo wake laini kama umekatwa kwa wembe. Nilimwita Daktari. Alitazama kwa muda mrefu hata Salim akadhani amesinzia.

"Ni wageni," nikasema. "Tunazitikisa kabla hazijashikana, na tunazipumulia. Ni wageni wanaoziua."

"Unataka nifukuze watu, Kilonzo?"

"Nataka kabati lisifunguliwe, Daktari."

"Mtu ametoka Wundanyi mpaka hapa. Nimwambie nini?"

Salim, aliyekuwa anafuta printa yake, akajibu badala yangu. "Mwambie zakaa eda. Mwanamke wa eda haonwi na watu, na hakuna anayekasirika."

Daktari akacheka, jambo lililokuwa adimu mwaka ule, na akakubali. Tulibandika karatasi mlangoni kwamba hakuna kuingia. Haikupokelewa vizuri. Naibu wa chifu aliisoma kwa sauti, akasema, "Siku hizi hapa ni ikulu," na hakurudi tena. Mama Mwikali aliacha kuuliza habari za vifaranga na akaanza kunipa chapati za chini kabisa ya rundo, zile zilizokauka. Daktari aliumia kwa kila mtu aliyerudishwa. Nilimwona akisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, akisikiliza hatua zikienda. Lakini punje ziliishi. Tuliziotesha nyingine, nazo zikaishi. Tulichagua trei moja, bora kuliko zote, tukaitunza kwa ajili ya wafadhili wa Nairobi, na kwa mara ya kwanza nikawa nakwenda kazini nikipiga mluzi.

Mama Wakesho alifika siku moja kabla yao. Alishuka kutoka Ronge akiwa na kikapu, ndani yake bakuli la kimanga, mseto wa mihogo na maharagwe yaliyopondwa, lililofungwa kitambaa na chupa ya maji ya miwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kanisa na pombe haikuingia kwake. Hakusoma karatasi ya mlangoni. Aliingia tu, akatusalimu mmoja mmoja, akakaa kwenye stuli ya bintiye, akavua viatu. Mwaka mzima alikuwa amesikia habari za kabati hili kutoka kwa majirani waliokwisha kuliona. Yeye, mama mwenyewe, hakuwa ameliona.

"Sasa nionyeshe," akasema. "Kila mtu ameona isipokuwa mimi."

Daktari alisimama katikati ya chumba. Nilimtazama, na Salim akamtazama, na nadhani sote tulijua kabla hajapiga hatua. Alivaa glavu. Angeweza kutoa trei nyingine, alitoa ile. Nadhani hakuweza kumpa mama yake ya pili kwa ubora. Aliishika mkononi, na mama akainuka, akaja karibu, akakunja uso. "Sioni kitu. Toa kifuniko." Daktari akakitoa. Mama akainama, akaviona vile vidoa kwenye jeli, na uso wake ukafunguka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba zinafanana na mayai ya samaki. Kisha akarudi kwenye kikapu na kuichukua ile chupa.

Asiyetoka huku huenda hajui kutasa ni nini. Ni dua ya Wadawida: mwombaji hutia kinywaji mdomoni, husema maneno ya baraka, na kukirusha kwa mdomo, matone madogo kama manyunyu, juu ya kinachobarikiwa. Huwa ni kazi ya wazee wa nyumba, lakini baba yake Wakesho alikuwa amekufa, na mama alisema hivyo, kwamba angekuwepo angefanya yeye. Alifungua chupa. Daktari alikuwa ameshika trei mkono wa kushoto na kifuniko mkono wa kulia. Ilikuwa ni kukirudisha tu. Nilimwona akikitazama kifuniko. Salim alipiga hatua moja, mkono mbele, kisha akaurudisha mfukoni, kwa sababu ni nani angemshika mama wa mtu mdomo? Mama akapiga funda, akanena baraka zake kwa Kidawida, akapiga funda jingine, akanyunyiza. Alifanya kwa upole mno. Matone yalimetameta juu ya jeli kwenye mwanga wa dirisha. Daktari akajibu dua kama inavyojibiwa, kichwa chini, na sauti yake haikutetemeka.

Mama alipoondoka, hatukugusa kimanga. Tuliosha trei ile, tukamwaga supu, tukatia nyingine na dawa ya kuua bakteria, tukamwaga tena. Lakini vishimo ambavyo Salim alivichapa kwa ustadi ili vishike seli, vilishika pia kila kilichoingia. Asubuhi supu ilikuwa ya njano na nzito kama uji. Trei za awali zilikuwa zimekwisha kuzeeka, na zilizobaki bado zilikuwa changa, punje hazijashikana. Wageni wa Nairobi walizitazama kwa adabu, wakatuuliza iko wapi ile tuliyowaandikia. Daktari akasema imeharibika. Wakauliza imeharibikaje. "Imeingia uchafu," akasema, na hakuongeza neno. Mimi nilisimama pale nikiwa na jibu kamili, lenye nani na nini na vipi, na ilinibidi nilimeze. Walikula chakula kantini, wakashukuru, wakaenda kuwahi treni. Mwezi uliofuata lori lilikuja. Salim alifunga printa yake kwa blanketi kama mgonjwa. Bakuli la kimanga nililikuta nyuma ya tangi limeota ukungu, nikalimwaga kwa wafugaji wa nguruwe.

Nilimkasirikia Daktari Wakesho kwa miaka mingi. Si mama yake, mama hakujua. Yeye alijua. Alikuwa amesoma kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, alikuwa amemrudisha naibu wa chifu mlangoni, na kwa sentensi moja ya Kidawida angeiokoa kazi yetu sote. Tulipokutana baadaye, alipokuwa anafundisha kemia shule ya upili, alizungumza nami habari za wanafunzi na za presha yake, na hakuna siku aliyoitaja trei ile. Sikuuliza. Mtu ninayelipwa kuuliza watu maswali, hilo sikuuliza.

Baada ya mazishi tuliitwa ndani, mimi na Salim. Mama Wakesho alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa jikoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Wanawake walipita na masufuria. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Wewe ni ule kijana wa kabati."

"Ni mimi, mama."

"Na huyu ni Salim wa mashine. Kaeni." Tukakaa. "Mmesikia vile wamesoma huko nje? Ati ini."

"Tumesikia, mama," Salim akasema kwa tahadhari.

"Wakesho aliniambia zilikufa." Alisema hivyo akinyoosha leso magotini. "Si wakati huo. Ni huu mwaka, akiwa kitandani. Aliniambia ni ile maji ya miwa. Nikamwuliza, sasa mbona ulinyamaza? Akasema, mama, ningekuzuia aje? Wewe ulikuwa umetoka mbali." Akatikisa kichwa, na niliona kwamba hakuwa na majuto bali hasira, hasira ile ile niliyoibeba mimi. "Mtoto amesoma mpaka ng'ambo. Nikamwambia, si ungesema tu? Ungesema, mama, simama hapo mlangoni. Ningetasa nikiwa mlangoni. Kwani nikitasia ng'ombe, mimi hutemea kwa maziwa?"

Salim aliinamisha kichwa. Nje walikuwa wanakunja hema, vyuma vikigongana. Mama Wakesho akamwashiria msichana mmoja, na bakuli likaletwa, kimanga kilichopondwa laini, pamoja na vijiko viwili.

"Kuleni," akasema. "Ile ingine mlitupa. Aliniambia hiyo pia."